Vifungashio vya wanga wa muhogo: maswali na majibu

Utando wangu wa wanga ukikauka unapasuka kama ganda la yai. Nakosea wapi? (Newala)

Gliserini ni chache au uji haukuiva. Pima: wanga gramu 5, maji mililita 100, gliserini ya duka la dawa gramu 1.5. Koroga vikiwa baridi mpaka mabonge yaishe, ndipo uinjike moto mdogo. Karibu na nyuzi 65 uji huwa mzito na kung'aa. Wengi huepua hapo, na ndipo wanapoharibu. Fikisha nyuzi 80, shikilia dakika 10 hadi 15 ukikoroga taratibu. Ukiupiga kama ugali, mapovu huingia, na kila povu likikauka ni tundu. Mimina mililita 50 kwenye sahani bapa ya plastiki yenye upana wa sentimita 15, uanike kivulini siku moja au mbili. Jua kali hukausha kingo kabla ya katikati, utando ukajikunja na kupasuka. Gliserini ikizidi gramu 2 utando utanata vidoleni, masika zaidi.

Karafuu ya kuzuia ukungu niiweke lini? (Lindi)

Mafuta yake, si unga, na uji ukishapoa chini ya nyuzi 60. Yujenoli, kiini cha karafuu kinachozuia ukungu, huruka na mvuke. Kwa kipimo cha uji nilichotaja katika jibu lililotangulia, mililita 0.5 zatosha. Yachanganye kwanza na matone mawili ya polisobeti 80, inayochanganya mafuta na maji, la sivyo yataelea: utaona vidoa vinavyong'aa, na pasipo na kidoa ukungu utaota. Jaribu kwa vipande viwili vya mkate, kimoja kwenye utando wenye karafuu, kingine usio nayo, ukivitazama kila siku. Mafuta ya maganda ya korosho nayo huua bakteria, lakini wabanguaji wanajua yanavyounguza mikono. Yasiguse chakula kamwe.

Nikiyeyusha rambo na kuchanganya na wanga, mfuko utaoza?

Hapana. Vijidudu hula wanga, plastiki inabaki vipande vidogo shambani. Kuuita mfuko unaooza ni kumdanganya mnunuzi. Tena wanga hupenda maji na plastiki huyakataa, hivyo bila kiunganishi mfuko huchanika. Changanya wanga na polima, yaani plastiki, inayooza yenyewe, kama PBAT. PLA, polima nyingine inayooza, huhitaji mboji yenye joto la karibu nyuzi 58. Ukiifukia tu bustanini itakaa miaka.

Utando wa wanga utafaa korosho zilizobanguliwa?

Ukiwa peke yake, hapana. Ukiwa mkavu huzuia hewa vizuri, lakini unyevu wa pwani huupenya na korosho hulegea. Uwe tabaka la ndani, nje pawe na kizuizi cha unyevu.