Dogo, muvi ya DJ haichambuliki

Dogo, usiandike hata sentensi moja. Umesema insha yako ya familia, tamaa na hofu unaifanya kwa Parasite, ile filamu ya Kikorea ya familia maskini inayojipenyeza kufanya kazi kwa matajiri, na umewekewa kwenye flashi ile iliyotafsiriwa na DJ, yaani jamaa anayeongea Kiswahili juu ya picha, kwa sababu maandishi ya chini yanakukimbia. Hapo ndipo nilipoangukia mimi, hapa hapa Dodoma, nikaishia kurudia somo.

Mwenye kibanda aliyeniwekea, kule Majengo, aliniapia kabisa: "Chukua hii, utaelewa kila kitu." Kweli nilielewa kila kitu, isipokuwa filamu. DJ mwenyewe ana kipaji, sikatai, nilicheka mpaka machozi. Lakini kwenye ile sherehe ya bustanini, baba dereva anapomchoma bosi wake kisu, jamaa akatangaza kwamba mzee kachoka kudhulumiwa mshahara. Mshahara! Nikajaza karibu nusu ya insha kwa habari za ujira, nikamtia na Karl Marx ili inoge. Mwalimu alizungushia duara jekundu akaandika pembeni: "Mshahara upi?"

Nilipoipata ya asili, na Kikorea chake, ndipo nikaona nilivyoingizwa mjini. Mwongozaji wake, Bong Joon-ho, ile hasira ameipanda mapema, usiku wa mvua, sebuleni. Mtoto wa matajiri kajipigia hema bustanini, wazazi wake wamejilaza kwenye sofa wamwangalie kupitia kioo. Chini ya meza, pua na sofa, dereva na wanawe wawili wamejibanza, hakuna anayethubutu kukohoa. Bosi anamsimulia mkewe harufu ya dereva, anaifananisha na ya tambara linalochemshwa. Baba anasikia, na mbaya zaidi wanawe wanasikia pamoja naye. Halafu mume na mke wanaanza kupapasana hapo hapo juu. Familia mbili chumba kimoja, tamaa juu ya sofa, hofu chini ya meza. Mada yako yote imelala pale!

Sasa kwenye flashi yangu, DJ alipofika hapo alianza soga za mpira, kisha picha ikaruka. Wameikata, eti watu wanaangalia na watoto. Ndiyo maana niliandika kwa kujiamini kwamba filamu haina tamaa ya mwili hata chembe. Na kule bustanini, bosi anapoziba pua akichukua ufunguo wa gari uliolaliwa na mtu anayekata roho, mimi niliona mtu kaziba pua tu. Kumbe kisu kimetokea hapo.

Na yule mshikaji wa mwaka wa tatu aliyenifundisha kwamba "uchambuzi ni hadithi, ukiijua hadithi umemaliza", mpaka leo tukikutana namsalimia kwa mbali. Hadithi hata konda wa daladala ya Nkuhungu atakusimulia, na nauli haiongezeki.

Mimi nina kanuni moja: usichambue usichokiona na kukisikia mwenyewe. Tafuta toleo la asili. Maandishi yakikimbia, simamisha, soma, endelea, hakuna anayekufukuza. Ukimaliza, rudia ukiwa umeyazima, uangalie kamera imekaa wapi, nani yuko juu ya ngazi na nani yuko chini, maana kwenye filamu ile ngazi zina maneno kuliko watu. Andika na dakika pembeni. Sentensi ya insha ambayo huwezi kuiwekea dakika, ifute, hata kama imekupendeza kiasi gani.

Uliuliza pia habari za Freud, yule wa nadharia za tamaa na hofu zilizofichika akilini. Alifariki 1939, hana haraka, atakusubiri. Kuhusu swali lako la uchambue filamu ngapi, hata hiyo moja inatosha ukiitazama vizuri. 

Halafu hao wanaokwambia kwenye uzi huu kwamba DJ anasaidia kuelewa, hebu waulize kwanza walipata maksi ngapi.