Monita inalia, mgonjwa anaongea: nifanyeje?

Swali: Mimi ni muuguzi, nimehamishiwa karibuni kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Monita zinalia usiku kucha, na mara nyingi nikifika kitandani namkuta mgonjwa hana shida. Wenzangu hubonyeza kitufe cha kengele na kuendelea na kazi. Nitaujuaje mlio wa kukimbilia? Na kuna ubaya gani kuzima ile inayosumbua?

Jibu: Kuzima kuna ubaya, na kuziacha zilie ovyo kuna ubaya uleule, maana sikio likizoea, mlio wa kweli nao unapita bila mtu kuinuka. Dawa ni kuondoa sababu ya mlio.

Kwanza tazama rangi. Monita zinazofuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60601-1-8 zina ngazi tatu. Nyekundu inayowaka na kuzimika upesi, pamoja na milio kumi kwa mafungu ya mitano mitano, ni ya kukimbilia. Njano inayowaka na kuzimika taratibu, milio mitatu, ni ya kati. Njano au samawati iliyotulia, mlio mmoja au miwili, ni ya chini. Sauti hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo ziamini rangi zaidi.

Kisha soma maandishi yaliyo juu ya skrini. "SpO2 LOW" (oksijeni ya damu iko chini) inamhusu mgonjwa. "LEAD OFF" (waya umebanduka) inahusu waya. Usiidharau hii ya pili: mashine inakwambia kwamba kwa sasa haimwoni mgonjwa kabisa, na lolote linaweza kumpata bila wewe kujua.

Msumbufu mkubwa ni kibanio cha oksijeni cha kidoleni. Upande mmoja kina taa nyekundu na ya infraredi, upande wa pili kipokezi kinachopima mwanga uliopenya. Rangi ya kucha, piko, kidole cha baridi, kutetemeka au taa kali ya juu vyote huvuruga hesabu. Usiangalie asilimia peke yake, angalia na wimbi lake: likiwa dogo au limevurugika, namba hiyo haina uzito. Linganisha pia mapigo yanayohesabiwa kidoleni na yale ya ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Na kama mlio unakuja kila baada ya dakika 15 bila kukosea, angalia mkanda wa presha. Ukiwa mkono mmoja na kibanio, kila unapojaa upepo damu haifiki kidoleni. Hamishia kibanio mkono wa pili, yameisha.

Kwa ECG, tatizo huanzia kwenye ngozi. Nyoa nywele, osha kwa sabuni na maji, kausha kwa kusugua kidogo na shashi, ndipo ubandike. Badilisha vibandiko kila siku, na pakiti ifunguliwe pale tu inapohitajika kwa sababu jeli hukauka. Mgonjwa akipiga mswaki au akitetemeka, skrini inaweza kuandika "VTAC" (moyo kwenda mbio kwa hatari) huku wimbi la kidoleni likiendelea vizuri. Hata hivyo mshike mapigo kwa mkono kabla hujasema ni uongo.

Monita zilizotolewa kama msaada zina mtego mwingine: rangi za waya. Za mfumo wa Ulaya, mkono wa kulia ni nyekundu, wa kushoto njano, mguu wa kushoto kijani. Za Marekani, kulia ni nyeupe, kushoto nyeusi, na nyekundu inakwenda mguu wa kushoto. Ukibadilishana nyeupe na nyekundu, wimbi la lidi II (mstari wa ECG wa kati ya mkono wa kulia na mguu wa kushoto) linapinduka. Soma herufi zilizo kwenye vifungo: RA au R ni mkono wa kulia, LA au L mkono wa kushoto, LL au F mguu wa kushoto.

Tukija kwenye mipaka, yaani namba ambazo zikivukwa monita hulia, hapa ndipo kelele nyingi hupatiwa ufumbuzi. Mgonjwa wa COPD (ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa) ambaye daktari amemlenga oksijeni ya asilimia 88 hadi 92, monita yake italia usiku mzima kama mpaka wa chini umeachwa 90. Mtoto njiti aliye kwenye oksijeni anahitaji na mpaka wa juu, maana oksijeni ikizidi huharibu macho. Kubaliana na daktari, andika kwenye faili, na kagua kila mnapokabidhiana zamu, kwa kuwa monita nyingi zikizimwa hurudi kwenye mipaka ya kiwandani. Hakikisha pia umechagua kwenye monita aina ya mgonjwa: mtu mzima, mtoto au mtoto mchanga.

Kitufe cha kengele kwa kawaida hunyamazisha sauti kwa muda mfupi, mara nyingi dakika mbili. Kengele yenye alama ya X ya vistari ina maana sauti itarudi yenyewe. Ikiwa X ni ya mistari kamili, haitarudi mpaka mtu aiwashe, na hiyo usiiache kwenye kitanda chenye mtu.

Kama yote haya hayajasaidia, weka kibanio kwenye kidole chako. Kikisoma vizuri, shida iko kwa mgonjwa au mahali kilipowekwa. Kisiposoma, jaribu waya wa monita ya jirani, kisha mwite fundi wa vifaa tiba ukiwa umeandika namba ya mashine na ujumbe wa skrini neno kwa neno. "Mashine mbovu" haimsaidii kujua abebe waya gani.