Kwa mnaoanza na magari ya tabo: intakula haipozwi na hewa isiyopita ndani yake

Nimekuta tena ea klina ya koni imefungwa wazi, sentimita chache kutoka kwenye tabo, na kijana aliyeifunga ananiambia kwa furaha, "Fundi, gari linavuta vizuri sasa." Kilichoongezeka pale ni sauti. Nawapenda vijana wangu, na wengi wenu mna mikono mizuri ya kazi, lakini kila kundi jipya linaingia na makosa yaleyale, na mimi nayaeleza upya juu ya boneti iliyofunguliwa. Leo nayaandika. Kwa mgeni kabisa: tabo ni kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini na kuibana hewa inayoingia, na intakula ni kama rejeta, ila yenyewe inapoza hewa hiyo iliyobanwa kabla haijaingia kwenye injini.

1. Anzeni na hewa inayoingia, kabla hamjagusa intakula. Tabo haijumlishi joto tu, inalizidisha. Chukua hewa ya nyuzijoto 25, kompresa (upande wa tabo unaobana hewa) yenye ufanisi wa asilimia 70, busti, yaani presha inayoongezwa na tabo, ya baa 1 kwenye usawa wa bahari. Hewa hiyo inatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzijoto karibu 118. Sasa ilishe tabo ileile hewa ya nyuzijoto 50 iliyozungukazunguka chini ya boneti: inatoka karibu 150. Hata intakula nzuri, inayoondoa asilimia 70 ya joto lililozidi lile la nje, itakuachia manifodini, kwenye mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, hewa ya moto zaidi kwa nyuzijoto kama 10. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaliona hilo na kurudisha taimingi nyuma (inachelewesha cheche ya plagi) ili injini isigonge, na nguvu mliyoitafuta inaondoka.

Kile kisanduku cha kiwandani mnachokitupa kina mdomo nyuma ya taa kubwa au ndani ya madigadi kwa sababu hiyo. Ukilazimika kuweka koni, ijengee kisanduku chenye mpira unaobana na boneti, kivute hewa kutoka nje. Ila mdomo usiushushe chini ya bampa. Maji hayagandamizwi, yakiingia silindani injini ikiwa inazunguka, konrodi inapinda, na hapo hatuzungumzii hewa tena.

2. Intakula kubwa isiyo na njia ya hewa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo kosa linaloumiza wengi.

Lililetwa gari ambalo lalamiko lake lilikuwa hili: asubuhi linaruka, ukilikanyaga mara mbili tatu linalegea. Mbele ya rejeta kulikuwa na intakula nene, ya kupendeza, imechomelewa kwa ustadi. Kijana niliyemkabidhi kazi akaitazama, akaamua kwamba ni ndogo. Alishaanza kupima upana wa bampa ili aingize kubwa zaidi. Nikamwambia, mwanangu, weka futi chini, tupime joto kwanza.

Tukafunga sensa mbili, moja kwenye bomba kabla ya intakula, nyingine baada yake, tukaingia barabarani. Mara ya kwanza kukanyaga mafuta, hewa ilitoka ya baridi, maana alumini nzito ile ilikuwa inalimeza joto. Mara ya pili namba ikapanda. Ya tatu ikapanda zaidi. Kilichonipa jibu kilikuja baadaye: tulipotembea polepole bila busti, namba haikutaka kushuka. Intakula ilikuwa imejaa joto na haina pa kulitolea. Ya ukubwa zaidi ingechelewa kujaa, lakini nayo ingejaa.

Tukavua bampa. Kati ya intakula na fremu kulikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja, kulia na kushoto, na nyingine juu. Kijana akakata vipande vya uzi wa sufu, akavibandika kwa selotepu usoni mwa mapezi (vile vibati vyembamba vya intakula vinavyotoa joto) na kwenye zile nafasi, kisha tukawasha feni kubwa mbele ya gari. Vya pembeni vilinyooka vyote kuelekea nyuma. Vya usoni vilitikisika kidogo tu. Akachuchumaa pale akivitazama kwa muda, kisha akaenda mwenyewe kutafuta mkasi na boksi la karatasi ngumu.

Hewa huchagua njia nyepesi. Mapezi yanaipinga, upenyo wa pembeni hauipingi, kwa hiyo itapita pembeni siku zote kama hamjaizuia. Tulichora ramani kwa karatasi ngumu, tukakata bati jembamba la alumini, tukaziba kutoka mdomo wa bampa hadi kwenye kingo za intakula, na sponji kwenye maungio. Tukaziba pia kati ya intakula na rejeta, ili hewa iliyokwishapita kwenye intakula isitorokee kando. Intakula ilibaki ileile. Safari hii namba ya mara ya tatu ilikaa jirani na ya mara ya kwanza, na tukipunguza mwendo inashuka huku unaiona.

Wenye Subaru yenye intakula juu ya injini, hili linawahusu pia. Ule mpira unaozunguka mdomo wa boneti si pambo. Ukichanika, hewa inatawanyika juu ya injini badala ya kushuka kwenye mapezi. Na kwenye foleni mjue joto la injini linapanda moja kwa moja hadi pale juu, kwa hiyo msipime lolote la maana hadi gari litembee kidogo. Nafasi ya kuweka kifaa hiki imewasumbua wakubwa: Porsche walipoipa 911 Turbo injini ya lita 3.3 mwaka 1978, intakula waliiweka nyuma, chini ya bawa. Waliifuata hewa ilipo.

3. Pimeni presha pande zote mbili za intakula, si joto pekee. Intakula inayobana njia inailazimisha tabo kuzunguka zaidi ili manifodi ipate busti ileile, na joto mliloondoa mnalirudisha kwa mlango wa nyuma.

4. Jueni sensa ya joto iko wapi. Kama ni ile iliyo ndani ya sensa inayopima kiasi cha hewa, kabla ya tabo, haijui lolote kuhusu intakula. Msiniletee namba yake kuwa ushahidi.

5. Lekeji ndogo ya hosi ina madhara yaleyale ya namba 3. Jazeni presha kidogo, pakeni maji ya sabuni, sikilizeni.

6. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba ni kawaida. Oili ikituama chini ya intakula, tafuteni inakotoka: hosi ya kupumulia ya injini, au sili za tabo. Kuiosha intakula bila kutafuta chanzo ni kujipangia kuiosha tena. Na ikishaoshwa, ikauke kabisa kabla ya kufungwa.

7. Pampu ya presha ya kuoshea magari isisogezwe karibu na mapezi. Yakilala, mmeziba njia kwa mikono yenu.

8. Kwa intakula zinazopozwa kwa maji, toeni hewa yote kwenye mfumo na hakikisheni pampu inasukuma kabla ya kulaumu kitu kingine.

9. Mkishafaulu kuipoza hewa, msiguse busti siku hiyo. Hewa ikishuka kutoka nyuzijoto 60 hadi 30 kwa presha ileile, uzito wake kwa ujazo uleule unaongezeka kwa karibu asilimia 10, na injini itataka petroli kwa kiasi hichohicho. Angalieni kwanza kama pampu ya petroli na nozeli zinazoinyunyiza zinaitosheleza, mkiwa mmelikanyaga gari hadi mwisho, na mchanganyiko wa hewa na petroli mnausoma kwenye mashine. Sikio halitoshi kwa kazi hiyo.