Maswali na majibu: kumpima mama aliyejifungua sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) nyumbani kwake

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nikimuuliza mzazi anaendeleaje, jibu ni "sijambo", na mama mkwe kakaa hapo hapo. Nifanyeje?

Hapo hujapima kitu, mmesalimiana tu. Mwombe mama mkwe ambebe mtoto nje kidogo, useme unataka kumwangalia mzazi matiti (na kweli uyaangalie, usiwe mwongo). Karatasi ya maswali ya sonona usiitoe kwanza. Anza na usingizi: "Mtoto akilala, na wewe unalala?" Anayekodoa macho usiku kucha hali mtoto kalala fofofo, ameshakuambia jambo. Kisha soma maswali kama yalivyo, kwa lugha yake. Nimewasikia wahudumu wakiuliza, "Huna huzuni, eti?" Swali hilo limeshajijibu lenyewe.

Nina wiki tano tangu nijifungue. Kwenye yale maswali kumi nimepata alama 14. Ndiyo wazimu?

Hapana, dada. Hilo ni dodoso la Edinburgh, la kupimia sonona ya uzazi, la mwaka 1987. Linauliza habari za siku 7 zilizopita, na alama ya juu kabisa ni 30. Mara nyingi anayefikisha 13 hutakiwa akaonwe kwa kina, lakini dodoso peke yake halimpi mtu ugonjwa. Machozi ya siku za mwanzo kwa kawaida hukauka ndani ya wiki mbili. Wewe umeshapita huko, basi usingoje. Tazama pia swali la mwisho, la kujidhuru: likiwa na alama yoyote, nenda leo, hata jumla ingekuwa 4.

Kumuuliza mama habari za kujiua si kumtia wazo?

La. Uliza waziwazi. Akikubali, usimwache peke yake mpaka afike kituoni.

Kituo chetu hakina daktari wa akili. Tupime ili iweje?

Kama baada ya alama hakuna kinachofuata, msipime. Lakini kinachofuata si lazima kiwe daktari. Pakistan, wahudumu wa vijijini wenye elimu ya sekondari walifundishwa kuwatembelea na kuzungumza na akina mama wenye sonona, tangu ujauzito. Matokeo yalichapishwa 2008: watoto walipofika miezi 6, waliokuwa bado na sonona ni asilimia 23, na 53 kwa waliotembelewa na wahudumu wasio na mafunzo hayo. Basi kabla ya kuchapa dodoso, andikeni majina mawili kwenye daftari: nani atarudi kwa mama huyu wiki ijayo, na nani atapigiwa simu usiku.