Re: Rangi ya nje Maskati inabambuka, nifanyeje?

Yakhe, umesema nyumba ya shemeji yako huko Maskati imepakwa mwaka jana tu na upande wa magharibi rangi ishaanza kubambuka. Mie nimepaka kule misimu miwili kabla sijarudi zangu Unguja, na naona tatizo si rangi, ni saa aliyopaka fundi. Ukuta uliopigwa na jua la mchana ukiushika unakuunguza kiganja, sasa ukipitisha rola hapo maji yanakauka kabla rangi haijashika, inabaki ngozi tu juu. Anza alfajiri, kifuate kivuli, ukuta wa magharibi umalize asubuhi. Na Juni mpaka Agosti kule kazi za juani ni marufuku saa 6:30 mpaka 9:30 mchana, kwa hiyo bora asubiri Novemba huko.

Kabla ya yote mwambie apitishe kiganja ukutani, kikitoka cheupe kama kashika unga basi rangi ya zamani imekufa, akwangue, aoshe vumbi lote, aache ukauke, apige praima (rangi ya kwanza ya kushikishia) halafu akriliki ya nje, ile rangi ya maji, mikono miwili yaani apake mara mbili. Rangi ya mafuta asiguse, jua linaikausha inapasuka. Achague nyeupe au krimu, ile nyekundu aliyoitaka itapauka haraka wallahi.

Ila usije ukaipaka hiyo akriliki kwenye nyumba yenu ya mawe na chokaa hapo Mji Mkongwe, kuta zile zinataka kupumua, huko ni chokaa tu.