Viatu vya matairi vya watoto: angalia haya kabla ya kutoa hela

Kipupwe kikishapita Dodoma, upepo hubaki na vumbi lake, na wazazi huanza kuulizia viatu vya matairi kwa ajili ya likizo ya Desemba. Ni vizuri kuvitafuta mapema, maana ukisubiri Desemba yenyewe utakuta namba za watoto zimechaguliwa na mvua imeshaanza. Ila nenda na mtoto. Kiatu cha shule unaweza kumnunulia akiwa nyumbani, cha matairi usithubutu.

Kinachoharibu zaidi ni mazoea yetu ya kununua kikubwa ili "akue nacho". Kisigino kikicheza ndani ya buti, kifundo cha mguu hulala upande wa ndani, mtoto anakanyagia ukingo wa tairi badala ya katikati, miguu inamuuma na viatu vinaishia uvunguni. Mzazi anasema mtoto hana bidii, kumbe buti halimshiki.

Pima mguu jioni, wakati umeshatanuka kwa kutembea kutwa. Msimamishe mtoto kwenye karatasi, kisigino kiguse ukuta, avae soksi atakayochezea, kisha weka alama penye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote. Pima miguu yote miwili na ufuate ule mrefu. Dukani usiamini namba iliyoandikwa, kwa sababu kila kiwanda kina namba zake. Chomoa soli ya ndani ukaipime kwa rula. Ziada iwe milimita 5 hadi 10, basi. Akishafunga buti akiwa amesimama wima, vidole viguse mbele kidogo sana. Akikunja magoti, virudi nyuma. Mwambie ainue kisigino. Kikinyanyuka, rudisha.

Kwa anayeogopa hela yake kupotea mtoto akikua, kuna vile vya kurefusha kwa kitufe au skrubu, mathalani vya namba 31 hadi 34. Chagua ambavyo mguu wa sasa unaanzia namba ya chini. Mtoto wa 34 akinunuliwa vya 31 hadi 34, umenunua vya miezi michache tu. Jaribu kufungia kila namba na uvute kwa nguvu, maana kwenye vya bei rahisi kitufe huachia mtoto akiwa kwenye mwendo. Jua pia kwamba hurefuka tu, havitanuki, kwa hiyo mwenye mguu mpana ajaribu kwanza.

Ukimaliza buti, hamia kwenye matairi. Vile vyenye matairi manne kwenye mstari mmoja, vya watoto huwa na matairi ya milimita 64 hadi 76 hivi. Kwenye pevingi za uani, tairi kubwa kidogo hupita juu ya mianya bila kumtikisa mtoto sana. Tairi zuri ni la poliyurethani, na mara nyingi ugumu wake umeandikwa ubavuni: kwa kuchezea nje tafuta 78A hadi 85A. Kama halina maandishi, libonyeze kwa ukucha. La poliyurethani linabonyea kidogo na kurudi. La plastiki tupu ni gumu, linang'aa na linateleza kwenye saruji yenye vumbi. Yanayowaka taa watoto huyapenda mno, na hayana ubaya wowote zaidi ya uzito.

Ukivikuta kwenye mitumba pale Sabasaba, kunja buti kwa mikono miwili. Plastiki iliyokaa stoo miaka mingi hupasuka ghafla, na matairi ya zamani hunata kama ubani uliotafunwa, hayo hayatengenezeki. Wakati mwingine ndani ya robota hutoka buti zuri lenye chuma chembamba chini badala ya matairi. Hilo ni la kuteleza kwenye barafu. Kule Ulaya na Marekani kiangazi kikiisha mwezi wa 9 ndipo wazazi hununua hayo na kuondoa yaliyowabana watoto. Hapa Dodoma hakuna barafu ya kuteleza, liache hata kwa bei ya kutupa. Na kama mtoto anasafiri kwenda huko, viwanja vya barafu hukodisha viatu.

Hela ikibana, anza na kofia ngumu na vikinga vya viganja, vya magoti na viwiko vifuate. Mtoto akianguka hutanguliza mikono, na kifundo cha mkono ndicho huumia mara nyingi. Kikinga kinachofaa kina kipande cha plastiki ngumu upande wa kiganja. Kofia ikae vidole viwili juu ya nyusi na mkanda uache nafasi ya kidole kimoja chini ya kidevu. Ya bodaboda ni nzito kwa shingo ya mtoto. Ya mtumba usinunue kabisa: ufa wa ndani hauonekani kwa nje.

Sasa vumbi letu. Kila tairi lina beringi mbili, jumla 16 kwa jozi ya matairi manane, na karibu zote ni namba 608: tundu milimita 8, upana wa nje 22, unene 7. Zinapatikana kwa wauza beringi za mashine. Omba yenye alama 2RS, ina kifuniko cha mpira kinachozuia mchanga kuliko kile cha chuma chenye alama ZZ. Tairi likianza kukwaruza, fungua ekseli kwa alenki (mara nyingi ya milimita 4), toa beringi, futa, osha kwa mafuta ya taa, acha zikauke kabisa, kisha weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Usizioshe kwa maji. Wakati wa kurudisha, angalia kama kile kibomba kidogo cha katikati ya beringi kipo. Kisipokuwepo, ukikaza ekseli sana tairi linagoma kuzunguka, na watu wengi hukimbilia kununua beringi mpya bure.

Matairi yakilika upande mmoja, hamisha la kwanza liende nafasi ya tatu ya mguu wa pili, la pili nafasi ya nne, na yale mengine kinyume chake, upande uliolika ukitazama nje.