Maswali ya wasomaji: Maiti chumba cha pili, juri baa

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi nilikuwa naangalia tamthilia moja ya Uingereza ya miaka ya 1700, mtu kaopolewa mtoni kafa, kesho yake wanaume kumi na kitu wamejazana baa wanajadili kafaje, maiti iko chumba cha pili. Hivi ni kweli au mbwembwe za waigizaji? Na daktari alikuwa wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Kweli kabisa ndugu yangu, hapo hawajaongeza chumvi. Enzi hizo sehemu nyingi hazikuwa na mochwari wala ukumbi wa kufanyia hiyo kazi, penye chumba kikubwa na viti vya kutosha ni baa, basi mahakama ikawa hapohapo. Mtu akifa ghafla au kifo kikiwa na utata, konstebo wa parokia anampelekea taarifa mchunguzi wa vifo, cheo cha tangu 1194 hicho, kwenye kaunti alipigiwa kura na wenye ardhi na wala hakuhitajika kuwa daktari. Yeye anaagiza waitwe wanaume wa jirani, 12 mpaka 24, wanaapishwa, hao ndo juri, halafu wanaenda kuiangalia maiti. Hilo ndo lilikuwa lenyewe, bila kuiona maiti kwa macho uchunguzi wote ni batili, kama mmeshazika mnafukua.

Wanakagua shingo ina alama ya kamba au haina, kichwa kimepasuka wapi, wanarudi kukaa, mashahidi wanaanza, mke, mpangaji mwenzake, aliyemwona mwisho. 12 wakikubaliana imetosha, na wakisema ni mauaji na kumtaja aliyeua, karatasi yao peke yake ilitosha kumpandisha mtu kizimbani.

Pagumu palikuwa kwa aliyejiua. Wakisema alikuwa na akili timamu, mali zake zinachukuliwa na mfalme na yeye anazikwa njia panda, wakati mwingine kachomekwa mti mwilini. Sasa wale ni majirani, mjane wanamjua, watoto wanawajua, unadhani watasema nini? Kadri karne ilivyosonga ikawa karibu kila mara ni "alirukwa na akili", familia inabaki na vitu vyake. Mimi siwalaumu hata kidogo.

Halafu kuna hili ambalo tamthilia huwa zinaliruka, kitu kilichoua nacho kilikuwa na kesi yake. Ukikanyagwa na mkokoteni unaotembea, farasi, mkokoteni na mzigo wake vyote vinahesabiwa ni vya mfalme, ila ukipanda gurudumu la mkokoteni uliosimama ukadondoka ukafa, linaenda gurudumu tu. Juri ndo wanataja thamani na mwenye mali analipa, na mara nyingi walitaja kidogo makusudi, hata shilingi moja. Sheria hiyo ilifutwa 1846, treni zimeshaanza kuua watu na juri zinazipiga kampuni za reli hela ndefu.

Daktari sasa. Alikuja akiitwa, ila hakuna sheria iliyosema alipwe, kwa hiyo kupasua maiti kulikuwa kwa nadra. Kwa vichanga walikuwa na kipimo cha kutia mapafu kwenye maji, yakielea basi mtoto alizaliwa hai akapumua, na mama yuko matatani. Miaka ya 1780 daktari William Hunter alionya kwamba mapafu yanaweza kuelea hata mwili ukianza kuoza tu, na nikiwafikiria wale mabinti wa kazi za ndani walioshukiwa kuua vichanga vyao, mbele ya juri ya wanaume watupu nasisimka mwili.

Na hela usiisahau. Kabla ya 1752 mchunguzi alikuwa na malipo ya kisheria kwa mauaji tu, shilingi 13 na peni 4, ajali anakwenda bure, so unaelewa kwa nini vifo vingine hakuna aliyehangaika navyo. Mwaka huo ikapitishwa pauni 1 kwa kila uchunguzi na peni 9 kwa kila maili ya safari kutoka kodi ya kaunti, hapo ndo ugomvi ukaanza na mahakimu waliokuwa wanapitisha malipo, maana walikuwa wanakata wakisema kifo hiki hakikuhitaji uchunguzi. Daktari yeye alisubiri mpaka 1836, gini 1 (yaani pauni 1 na shilingi 1) kwa ushahidi, 2 akipasua.